Moma Kando ya Jiko la Mahindi

Nayaandika haya nimesimama, karatasi iko juu ya friji, kwa sababu nikikaa miguu inaanza kunidai. Binti yangu Shiku ananiambia, "Mum, si ukae tu kama watu wengine." Nikae vipi? Miaka yote niliyofanya kazi mjini sikuwahi kukaa. Aliyekaa kwenye kazi yetu aliumwa, au alikamatwa na kanjo, wale askari wa jiji.

Mimi nilikuwa mwita watu. Msihangaike kulitafuta jina hilo kwenye matangazo ya kazi, hamtalipata. Palipo na mtu wa kuchezesha nyoka barabarani pana mwingine wa kuongea, na bila huyo wa kuongea, mwenye nyoka ni mtu tu aliyesimama na sanduku. Barasa ndiye aliyekuwa na nyoka. Mimi nilikuwa na mdomo. Tulifanya kazi pamoja River Road na vichochoro vyake, na mara moja moja kwenye sherehe za watoto wa matajiri huko Kitisuru na Spring Valley, mpaka ilipofika siku nitakayowasimulia.

Na sababu ya kusimulia ni nyinyi wenyewe, vijana. Jumamosi iliyopita nilitoka kununua sukuma wiki hapa Kangemi nikawakuta wawili ninaowajua, mmoja nimemjua tangu ananyonya, chatu amemzunguka shingoni na mwenzake anapiga video. Watoto wa shule wamewazunguka, wengine wanamvuta nyoka mkia. Yule wa simu akaniambia, "Shosho, kuja tukupige video na nyoka, utatrend." Nikamuuliza chatu amekula lini. Akasema hajui, wamemkodi kwa jamaa fulani mpaka jioni. Nikamuuliza alilala wapi, kwenye baridi au kwenye joto. Hajui. "Shosho, tulia," akasema. Nilirudi nyumbani bila sukuma, na tangu siku hiyo sijatulia.

Basi sikilizeni kazi ilivyokuwa, halafu mniambie nitulie.

Aliyenifundisha ni Mzee Mutua, Mkamba mwembamba aliyevaa koti lile lile jua na mvua. Mimi nilikuwa nauza soksi za mtumba karibu na mahali alipochezeshea nyoka wake, na kelele zangu zilikuwa zinamharibia. Siku moja akanijia taratibu akaniambia, "Wewe mama, hiyo sauti yote unapatia soksi bure. Njoo unipatie mimi." Nikadhani ananitania. Kesho yake nilikuwa kando ya sanduku lake.

Mzee alinifundisha kwamba huanzi kwa kuwaita watu. Unaanza kwa kuongea na sanduku. Unapiga magoti, unanong'ona, "Subiri kidogo, bado hawajafika." Mtu anayepita anasikia, anajiuliza ni nani ambaye hajafika, anasimama. Akishasimama mmoja, wa pili anasimama kumtazama wa kwanza. Ukiona mduara umekaa sawa unamwaga maji chini kuuzunguka, na huo mstari wa maji hakuna anayeuvuka. Hata wezi wa simu hawakuuvuka. Kitu kingine alichonifundisha ni kutofungua sanduku mapema. "Mtu halipi kuona," alikuwa akisema, "analipa kungoja." Kwa hiyo kazi yangu ilikuwa kuwangojesha, kwa hadithi, kwa matusi ya upole, kwa kumtania mwenye kitambi aliye mbele, mpaka wawe wanataka wenyewe kifuniko kifunguke.

Kulikuwa na jambo moja la Mzee ambalo sikulielewa. Sanduku lake lilifunikwa daima kwa gunia lililolowa maji, na alilitafutia kivuli kabla hajajitafutia yeye. Jua likisogea na sisi tunasogea, mpaka siku nyingine tunaishia mbele ya choo cha kulipia. Mimi nilidhani ni mambo ya vumbi. Nilipomuuliza alisema, "Ndivyo inavyofanywa." Wazee wengi wa kazi walikuwa hivyo, unaonyeshwa, huambiwi. Aliporudi kwao Kitui aliniachia gunia, lakini maelezo alienda nayo.

Ngojeni, kabla ya Barasa kuna tumbili. Kwa muda mfupi nilimwitia watu jamaa mmoja mwenye tumbili wa mnyororo. Tumbili huyo alivaa suruali na alijua kupiga saluti, na watu walimpenda kuliko nyoka. Siku moja dada mmoja alitoka duka la misumari amevaa wigi jipya, zuri, linang'aa. Tumbili akalinyakua. River Road nzima ilicheka, na mimi nilicheka mpaka nikashika mbavu. Mwenyewe akaona aibu, akauvuta mnyororo kwa nguvu na kumpiga tumbili kofi mbele za watu. Sasa tumbili hakumuuma yeye. Alimuuma mzee wa watu aliyekuwa karibu akipiga makofi, akamtoboa kiganja. Mzee yule alienda kudungwa sindano za kichaa cha mbwa, na jamaa wa tumbili alihama mji. Nilichojifunza hapo ni kwamba mnyama akiogopa hatafuti aliyemkosea, anauma aliye karibu. Nyinyi huwaweka watoto karibu, kwa sababu video inapendeza.

Haya, Barasa.

Barasa alikuwa soja wa geti huko Spring Valley. Nyoka akionekana kwenye ua wa mtu yeyote pale, anaitwa yeye. Anakuja na ufagio na ndoo, anamkamata, anaondoka naye bila maneno. Wafanyakazi wa nyumba wakaanza kumwita Daktari. Huyu alikuwa mtu wa miraba minne, anaimba besi kanisani, mke na watoto wako Bungoma, na hapa mjini kwa miaka hakuna aliyemjua kwa jina lingine isipokuwa "soja, fungua". Ghafla ni Daktari. Jina lilimwingia kwenye damu. Watu walidhani aliacha geti akaja barabarani kwa kupenda nyoka. Mimi najua alikuja kwa ajili ya lile jina.

Na nilimpenda kama ndugu wa tumbo moja, nalisema wazi. Aliniita Mama Shiku, nami nilimwita Baba Nekesa, kwa jina la binti yake mkubwa. Mume wangu alipofariki ni Barasa aliyekaa nje kwenye matanga akichochea moto mpaka wageni wa mwisho walipoondoka. Hakuniambia pole hata mara moja. Alichochea moto tu.

Onyesho letu lilikuwa na moma, yule nyoka mfupi mnene wa madoadoa anayelala njiani bila kumpisha mtu. Barasa alikuwa amemng'oa meno ya sumu. Ni unyama, mdomo wa nyoka unavimba na anakaa siku nyingi bila kula, na zaidi ya hayo ni kazi bure, kwa sababu moma ana meno mengine nyuma yanayongoja zamu. Unang'oa haya, baada ya muda mengine yameshuka. Barasa aliambiwa hilo na akalipuuza. Alisema wa kwake ni tofauti.

Basi mimi naongea weee, watu wanajaa, Barasa anaingiza mkono, anamtoa moma, anamwonyesha huku na huku. Halafu anapiga ukelele. Kiganjani ameshika kitambaa chenye rangi nyekundu ya keki, anakibinya, damu inaonekana inatiririka, anaanguka chini anatetemeka. Hapo ndipo nilipoupatia mshahara wangu. "Ameumwa! Jamani, leo ameumwa kweli! Huu si mchezo! Ana watoto huyu!" Na machozi yangu niliyaita yakaja. Kina mama wanashika vichwa, wanaume wanarudi nyuma. Kisha natoa jiwe jeusi, nalibandika mkononi kwa Barasa, nasali kwa sauti, na yeye anafungua jicho moja, halafu la pili. Anasimama. Mnajua yaliyofuata: tuliuza mawe.

Jiwe lenyewe lilikuwa mfupa wa ng'ombe kutoka bucha ya hapa Kangemi, niliouchoma kwenye jiko langu mpaka ukawa mweusi. Najua mnachotaka kuniuliza. Hilo nimelipeleka kwa Mungu, si kwenu.

Kilichoanza kuninyima raha ni kwamba Barasa alianza kutembea na jiwe mfukoni hata siku ambazo hatufanyi kazi. Siku moja alikatwa na bati, nikaona amelibandika kwenye kidonda. Nikamwambia, "Baba Nekesa, hiyo ni supu ya juzi." Akacheka sana. Lakini hakulitoa.

Halafu tukaitwa Kitisuru kwenye sherehe ya mtoto. Ilikuwa Julai, ule ukungu unaokaa kwenye miti mpaka mchana, nyasi zimelowa, watoto wamevaa masweta na kofia. Moma alitoka sandukuni kama kipande cha kamba. Hakufanya lolote. Mama mwenye nyumba, mtu mwema, ametupa chai ya maziwa na keki, aliuliza kama kweli hana shida. Barasa akamwambia, "Madam, huyu ananijua kama vile mtoto anajua baba yake." Watoto wakamgusa mmoja mmoja. Mimi niliongea hadithi zangu huku sitoi macho kwenye kichwa cha nyoka.

Njiani, tukiwa wawili tu, hakuna mteja wa kumsikia, alirudia. "Mama Shiku, umeona vile imetulia? Hii nyoka imenizoea."

"Nyoka hazoei mtu, Baba Nekesa. Huenda ni baridi."

"Wewe ni mtu wa mdomo. Wachia Daktari mambo ya nyoka."

Akanuna mpaka Westlands. Na lile gunia la Mzee Mutua nililokuwa nimempa, alikuwa ameshalitupa. Alisema linanuka na linamwaibisha mbele ya wateja wa maana. Mimi nilinyamaza, kwa sababu hata mimi sikujua gunia lilikuwa la kazi gani. Leo najua. Nyoka hana moto wake mwenyewe mwilini, joto lake analipata nje. Akiwa kwenye baridi anazubaa, akipata joto anaamka. Mzee alikuwa anamweka nyoka wake kwenye baridi ili azubae, basi. Barasa aliona nyoka aliyezubaa akadhani ameona upendo.

Siku chache baadaye tulikuwa River Road, mbele ya maduka ya mabomba. Baridi ilikuwa ile ya kuuma masikio. Pale kando kulikuwa na mama anayechoma mahindi, ameweka makaa mengi, na sisi tukasogea, binadamu ni binadamu. Barasa akaliweka sanduku karibu na jiko. Nilimwona akiliweka. Sikuwaza chochote, nilikuwa nafurahia miguu yangu kupata joto.

Mbele kabisa alisimama Kamau wa mkokoteni. Huyu alikuwa mteja wetu wa bure. Akipeleka saruji au mabomba anapitia kusimama pale, na onyesho letu alikuwa amelishika lote kichwani. Alikuwa ananikera sana, kwa sababu alikuwa akiyasema maneno yangu kabla sijayasema, na watu walio karibu naye wanacheka.

Siku hiyo watu walijaa mpaka mlangoni mwa duka, na mimi nilikuwa na sauti. Niliongea kuliko kawaida. Nilimtania Kamau, nikamtania mwenye duka, nikaongeza hadithi ya chatu na bibi harusi ambayo sikuwa nimeitoa muda mrefu. Kadiri nilivyoongea makaa nayo yalikuwa yanafanya kazi yake. Kuna sauti nilisikia, fuuu, fuuu, nikadhani ni mama wa mahindi anapepea moto. Moma akikasirika anajaza pumzi na kuitoa hivyo. Lakini wiki nyingi za baridi zilikuwa zimenisahaulisha.

Barasa akafungua, akaingiza mkono bila kutazama, kama mtu anayetafuta funguo mfukoni.

Siku zote alipiga ukelele. Siku hiyo alisema "Ah" tu, kidogo, kama aliyekumbuka kitu alichosahau nyumbani. Mkono ukatoka na moma ananing'inia, kisha akaachia, akaanguka chini ndani ya mduara. Na hapa nampa heshima yake: Barasa alimshika kwa mkono wa kushoto, akamrudisha sandukuni, akabana kifuniko, ndipo akakaa chini. Kama angemwacha, watu wangekanyagana.

Watu wakapiga makofi.

Nikafungua mdomo. "Ameumwa! Jamani, leo ameumwa kweli!" Kamau naye, pale mbele, anasema pamoja nami, neno kwa neno, anatikisa kichwa kama mimi: "Huu si mchezo! Ana watoto huyu!" Watu wanavunjika mbavu. Nikajisikia mwenyewe. Nikatafuta neno lingine. Nikaapa kwa jina la Mungu, lakini jana nilikuwa nimeapa. Nikalia, na jana nilikuwa nimelia. Nikasema tafadhali niitieni gari, nikaona simu zimeinuliwa juu zinanipiga picha. Sikuwa na neno hata moja ambalo sikuwa nimelitumia kwa uongo. Vijana, sijawahi kuogopa vile. Nilikuwa nimewaita watu wote hao, na hakuna hata mmoja niliyeweza kumfikia.

"Mathe leo umeweza," Kamau akasema. "Sasa leta jiwe."

Na kutoka chini nikasikia sauti ya pili. "Leta jiwe, Mama Shiku."

Nikapiga magoti. "Baba Nekesa, hii ni ya kweli. Twende hospitali."

"Jiwe kwanza."

"Wewe unajua hilo jiwe ni nini."

"Watu wanaangalia. Nibandikie jiwe, itashuka."

Mkono ulikuwa umeanza kuvimba, pete ya ndoa inazama nyamani. Lakini kilichonitisha ni macho yake. Hakuwa anaigiza. Alikuwa ananingoja, ametulia kabisa, ana imani kama mtu anayengoja komunyo. Nikaelewa kwamba nikimbandikia atalala pale, nao watangoja asimame, mimi nami nitangoja, na Barasa atafia katikati ya mduara watu wakipiga makofi.

Nikauchukua mfuko wa mawe nikaumwaga wote kwenye lami. Nikayakanyaga kwa kiatu, yakapasuka kwa sababu ni mfupa tu. Sikulia na sikupaza sauti ya kazi. Niliongea kama ninavyoongea nyumbani. "Hii ni mifupa ya ng'ombe. Nimeichoma mimi mwenyewe, jikoni kwangu. Si dawa. Haijawahi kuponya mtu. Damu mliyoona jana ni rangi ya keki." Nikaingiza mkono kwenye mfuko wa koti la Barasa nikatoa kile kitambaa, kimekunjwa vizuri, hakijaguswa. Nikakiinua kando ya mkono wake unaotoka damu. "Kitambaa ni hiki hapa. Sasa hiyo damu inatoka wapi?"

Kicheko kikakatika. Mama mmoja alikuwa ameshika jiwe alilolinunua, akaligeuza, akaligeuza tena. Uso wake ninao mpaka leo.

Barasa alinishika sketi kwa mkono mzima. "Mama Shiku," akasema, taratibu sana, "umenivua nguo mbele ya watu."

Kamau ndiye wa kwanza kuuvuka mstari wa maji. Aliinama akatazama mkono, akamwita Mungu, "Ngai," akaenda kumwaga mabomba ya watu barabarani ili mkokoteni ubaki mtupu.

Sasa shikeni haya, kwa sababu pale kila mtu aligeuka kuwa mganga. Mmoja alikuwa na wembe tayari, achanje. Mwingine anatoa kamba ya kiatu aukaze mkono. Wa tatu anataka kunyonya sumu. Niliwafukuza wote. Usichanje, usikaze kamba, usinyonye, usibandike kitu. Nilimtoa pete kwa mate na kwa kuizungusha, kabla uvimbe haujaifunika. Mkono nikaulaza kwenye ubao nikauzungushia leso usitikisike. Hatukumwacha atembee hata hatua moja. Tukamlaza kwenye mkokoteni, Kamau akashika mbele, wanaume wengine wakasukuma nyuma, na mji mzima ukatupisha. Barasa alijifunika uso kwa kofia.

Hospitalini daktari msichana aliuliza nyoka gani, nikamwambia moma, akauliza kama tumemchanja, nikasema hapana. Akasema vizuri. Dawa ilitafutwa, na tulibahatika, ikapatikana. Mkono uligeuka mweusi mpaka kiwiko. Vidole viwili vilikatwa na vilivyobaki havikunjiki. Yule daktari aliniambia yangekuwaje kama tungechelewa kule River Road, lakini hayo sitaki kuyaandika.

Nilimpelekea uji kila siku. Kila siku aligeukia ukutani. Mkewe alipokuja kutoka Bungoma alinishukuru kwa kunikumbatia pale koridoni, tukalia wote wawili, halafu akamchukua wakaenda. Wenzetu wa mjini waliouza mawe waliniambia nimewachafulia sahani yao, na mmoja alinitemea mate miguuni. Mimi kazi iliisha siku ile ile. Hata ningetaka kurudi, ni nani angesimama?

Na ile video ipo. Shiku alinionyesha. Watu wameitazama wakicheka, wameandika chini yake kwamba yule mama anajua kuigiza, apewe tuzo. Barasa yuko pale anaonekana anakufa, na mtu ameweka vikatuni vya kucheka. Nikawakumbuka nyinyi na chatu wenu wa kukodi. Mimi nilikuwa na mduara wa watu wenye macho, wanaoweza kuinama wakaona mkono, wenye mkokoteni. Nyinyi mnawaita watu walio ndani ya simu. Chatu akishakaza shingoni, hao watabonyeza kidole gumba na kumtumia rafiki. Mnyama hajui mmemkodi mpaka jioni. Anajua njaa, joto na woga, na watoto wanaomvuta mkia.

Karibu na Pasaka nilimpigia Mama Nekesa. Nikamwambia nina nauli, nataka kuja kuwaona, hata kwa siku moja, nitaleta sukari na mkate. Akasema ngoja. Nikasikia anaongea na mtu, kisha nikasikia ile besi, chini chini, siwezi kuikosea. Nilisimama pale na simu nikaishikilia kwa mikono miwili. Akarudi.

"Mama Shiku, anasema anashukuru."

"Asante. Sasa nije Jumatatu?"

"Anasema anashukuru. Lakini anasema usikuje."

"Amesema hivyo yeye mwenyewe?"

"Ndiyo, mama. Pole."

"Na mkono?"

"Analima na ule mwingine. Jana amepanda maharagwe."

Nikamwambia sawa, nikamsalimia Nekesa, nikakata. Watu wa kanisa wananiambia niridhike, mtu yuko hai na anapanda maharagwe, hilo linatosha. Mimi nami nawajibu kwamba linatosha. Halitoshi. Nilikuwa na ndugu katika mji huu na sasa sina. Lakini mkinirudisha pale River Road, yeye akiwa chini ananiomba jiwe, nitayamwaga tena yote na kuyakanyaga, na anichukie tena mpaka mwisho wa uhai wake, ambao Mungu auongeze.